Nani Alilala Hapa Usiku Ule? Jinsi ya kufanya utafiti wa afya ya jamii wakati wa maafa na baada yake

Swali la kwanza katika dodoso langu ni lile lile kwa miaka 14 sasa: "Usiku wa kuamkia siku ya tukio, ni nani na nani walilala katika kaya hii?" Siulizi wamekufa wangapi. Naandika jina la kwanza, umri na jinsi ya kila mtu, kuanzia mzee hadi kichanga, kisha narudi juu ya orodha na kuuliza mmoja baada ya mwingine: huyu yuko wapi leo? Yupo. Yupo. Amekwenda kwa shangazi yake. Hajulikani alipo. Amefariki.

Nililipandisha swali hilo juu kwa sababu ya kosa nililolisimamia mwenyewe. Katika utafiti wangu wa kwanza baada ya mafuriko, dodoso liliuliza moja kwa moja, "Je, kuna aliyefariki katika kaya hii?" Tulirudi na vifo vichache mno, tukamshukuru Mungu, tukaanza kuandika ripoti. Kisha mdadisi mmoja akarudi katika nyumba aliyokwisha kuihoji, maana alisahau kuandika namba ya kaya, akaambiwa kwamba mtoto wa mwaka mmoja alifariki kwa kuharisha siku ya 11 baada ya maji kuingia. Mama alisema, "Nilidhani mnauliza waliozama."

Tuliirudia kazi yote. Tangu hapo naamini kwamba kazi ya mtafiti wa afya katika maafa ni kuwatafuta wasioonekana: aliyefariki bila kuandikwa, aliyehama kabla hujafika, aliyeko pembezoni mwa kambi ambako gari halifiki. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu anayejiandaa kutoka na timu kwa mara ya kwanza.

Yapange maswali kwa jinsi majibu yake yanavyopotea

Siku ya kwanza kila mtu ana maswali. Yaandike yote kwenye karatasi moja, halafu mbele ya kila swali weka tarehe ambayo jibu lake halitapatikana tena. Maji ya kisima hayatakuwa yale yale watu wakishatia klorini. Kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu kinafaa kuchukuliwa kabla hajameza antibiotiki. Daftari la wodi lililolowa linashikana na kuwa donge baada ya siku chache. Omba idhini ya mkuu wa kituo, lipige picha ukurasa kwa ukurasa leo hii, na picha hizo zifungiwe mahali ambapo wasiohusika hawazioni.

Mfano mkali kuliko yote naujua kutoka ajali za nyuklia. Iodini 131, kitu chenye mionzi kinachotoka kwenye ajali hizo na kukusanyika katika tezi ya shingo, hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo baada ya miezi miwili au mitatu hakuna cha kupima kwenye tezi ya shingo ya mtoto. Baada ya ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986, mamia ya maelfu ya watu walipimwa tezi kwa vifaa vya mkononi ndani ya wiki za mwanzo. Vipimo hivyo ndivyo vilivyowawezesha watafiti, miaka mingi baadaye, kuhusisha kiasi cha mionzi alichopata mtoto na saratani ya tezi iliyomjia. Baada ya ajali ya Fukushima, Japani, ya Machi 2011, watoto waliopimwa tezi moja kwa moja mwezi ule walikuwa 1,080 tu. Kwa wengine wote imebidi kukadiria kwa mahesabu ya hewa, chakula na mahali walipokuwa. Siku zilizopita hazirudi, hata fedha zikipatikana.

Upande wa pili kuna maswali yenye subira. Kukosa usingizi, kushtuka na kulia katika wiki ya pili ni hali ya kawaida ya mtu aliyeponea chupuchupu, na vigezo vya ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe vinadai dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja. Anayekimbilia kupima "ugonjwa wa akili" siku ya 10 anapima majonzi na kuyapa jina la ugonjwa. Ukatili wa kingono nao usiuulize kabisa kama hakuna huduma unayoweza kumpeleka huyo atakayekujibu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwongozo kuhusu hilo mwaka 2007, nami nauheshimu kama sheria, kwa sababu swali hilo likishafunguka huwezi kulifunga kwa kusema asante na kwenda nyumba ya pili.

Magonjwa pia yana ratiba yake. Kipindupindu hutokeza ndani ya saa chache hadi siku 5. Pepopunda itokanayo na majeraha huchukua siku 3 hadi 21. Homa ya leptospira, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji, inaweza kuchelewa hadi siku 30. Timu inayoondoka mwisho wa wiki ya kwanza na kuandika kwamba "hakuna mlipuko" imeandika ukweli wa wiki moja tu. Panga tarehe za kurudi kabla hujaondoka.

Niseme jambo moja kuhusu maiti, kwa kuwa kila mara linatupotezea muda. Miili ya watu waliokufa kwa kuzama, kuangukiwa na nyumba au kupigwa na dhoruba haianzishi mlipuko wa magonjwa. Hofu hiyo husababisha mazishi ya haraka ya pamoja bila picha, bila alama, bila orodha, na familia zinabaki miaka mingi na mtu "asiyejulikana alipo". Ukiwa na sauti mbele ya wanaofanya uamuzi, itumie hapo: kila mwili upigwe picha na upewe namba kabla ya kuzikwa.

Kazi inayofanywa kabla ya maafa

Itifaki iandikwe wakati mbingu ni nyeupe. Acha nafasi wazi za jina la tukio, eneo na tarehe, na mengine yote yakamilike: malengo, namna ya kuchagua kaya, dodoso, fomu ya ridhaa, mpango wa kulinda data. Ipeleke kwa kamati ya maadili ikaidhinishwe mapema, ili siku ya tukio upeleke nyongeza ya kurasa mbili badala ya waraka wa kurasa 40. Kamati nyingi zina utaratibu wa kupitia maombi ya dharura kwa siku chache. Utaratibu wa haraka hauondoi uangalizi. Miongozo ya kimataifa ya maadili iliyotolewa na CIOMS (Baraza la Mashirika ya Kimataifa ya Sayansi za Tiba) mwaka 2016 ina kipengele kizima, cha 20, kuhusu utafiti katika maafa na milipuko, na msimamo wake uko wazi: dharura haipunguzi haki za anayehojiwa.

Dodoso litafsiriwe mapema katika lugha za wahojiwa, kisha mtu mwingine ambaye hakuliona la asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza, mlinganishe. Niliwahi kugundua kwa njia hiyo kwamba "kuhara" katika lugha moja tuliyoitumia kulieleweka kuwa kuhara damu pekee. Laiti tungetoka nalo hivyo, tungekosa karibu wagonjwa wote.

Uliza kwanza nani amekwishauliza

Kabla ya kumtuma mdadisi hata mmoja, nenda kwenye mkutano wa uratibu wa sekta ya afya, uliza nani ana takwimu gani. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tofali mbele ya hema lake alinitazama nikifungua kishikwambi akasema, "Mwanangu, wenzako wanne wameandika haya haya. Yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilifunga kishikwambi, nikamsikiliza, kisha nikaenda kuwatafuta hao wanne. Wawili walikuwa tayari na orodha za kaya, nasi tukaondoa nusu ya dodoso letu.

Kuanzia siku ile nina kanuni ya kupunguza. Kwa kila swali, timu inaniandikia pembeni nani atalitumia jibu na kuamua nini. "Ni vizuri kujua" si sababu. Dodoso la kaya moja lisizidi dakika 30. Mtu aliyepoteza nyumba ana foleni ya maji, foleni ya chakula na mtoto mgongoni, na nusu saa yake ni mali.

Kuchagua kaya: hapa ndipo wasioonekana hupotea

Njia inayotumika sana kwa tathmini ya haraka ni ya klasta: unachagua makundi 30 ya kaya kwa bahati nasibu kulingana na ukubwa wa idadi ya watu, kisha kaya 7 ndani ya kila kundi. Jumla 210. Njia hii ilikuzwa kwa ajili ya kupima ni watu wangapi wamechanjwa, na inafaa kabisa kwa maswali ambayo watu wengi wana jibu lake: mna maji salama, kuna mgonjwa anayehitaji dawa za kila siku, mna umeme, mmepata chanjo ya surua.

Haifai kuhesabu vifo, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini. Kaya 210 zenye wastani wa watu 5 ni watu 1,050. Ukiuliza kuhusu siku 90 zilizopita, una siku-watu 94,500, yaani idadi ya watu mara idadi ya siku. Kizingiti cha dharura kinachotumiwa na mashirika mengi ni kifo 1 kwa watu 10,000 kwa siku, na vifo 2 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Kwa kiwango hicho cha kwanza utakuta vifo 9 hivi katika sampuli yako. Ukikuta vifo 9, bahati peke yake inaruhusu kwamba idadi ya kweli ingekuwa popote kati ya 4 na 17. Maana yake hujui kama jamii iko chini ya nusu ya kizingiti au karibu maradufu yake. Na hapo sijaongeza ukweli kwamba vifo hukaa pamoja: mto ulipobomoa kingo, ulibomoa nyumba tatu zilizofuatana. Kwa kaya 900 utakuwa na siku-watu 405,000, vifo 40 hivi, na masafa, yaani mipaka ambamo idadi ya kweli inaweza kuangukia, ya kati ya 29 na 54. Hapo unaweza kuzungumza na mtu anayegawa rasilimali.

Basi kaya yenyewe inachaguliwaje? Zamani tulisimama katikati ya kijiji, tukazungusha kalamu chini, tukafuata ilikoelekea. Naomba uache. Kalamu inaanzia katikati, na katikati ndipo walipo waliofika mapema, wenye jamaa, wenye maji karibu. Katika kambi moja nilichora mahema yote 1,300 kwa kutembea njia zake zote kwa siku mbili, nikayapa namba, nikachagua kila hema la 6. Vifo vya watoto tulivyokuta vilikuwa vimelundikana ukingo wa mashariki, kwa wageni wa wiki mbili za mwisho, ambako hakukuwa na choo hata kimoja. Kalamu isingefika huko. Picha za setilaiti zikiwepo zinakurahisishia kuhesabu paa, lakini usiziamini bila kutembea, kwa sababu paa lipo na watu wamehama, au watu wapo chini ya turubai ambalo picha ya mwezi uliopita haina.

Hema likiwa tupu mchana, rudi jioni. Ukilibadilisha na la jirani unakusanya watu wanaokaa nyumbani tu, na wenye nguvu ya kutafuta kibarua wanatoweka kwenye takwimu zako.

Kuna pengo moja ambalo sampuli haiwezi kuliziba. Kaya ambayo wote walikufa haina wa kujibu. Ndiyo maana mwisho wa kila klasta tunamuuliza jirani: je, hapa karibu kulikuwa na nyumba ambayo leo haina mtu? Walikuwa wangapi? Wako wapi? Majibu hayo hatuyachanganyi na hesabu kuu. Yanakaa kwenye jedwali lake, na ripoti inasema wazi kwamba kiwango cha vifo kilichotolewa huenda ni kidogo kuliko cha kweli.

Mahojiano yenyewe

Kumbukumbu za watu zinayumba baada ya msiba. "Ilikuwa kama mwezi hivi" inaweza kuwa siku 12 au siku 50. Andaa kalenda ya matukio na wenyeji kabla ya kuanza: siku ya tukio, siku lori la kwanza la chakula lilipofika, siku ya chanjo, mvua kubwa ya pili, mwezi mwandamo. Mhojiwa akisema mtoto alifariki "baada ya chanjo, kabla ya mvua ya pili," unayo tarehe.

Sababu ya kifo iandikwe kama alivyoisema mwenye kufiwa, kisha uliza swali moja la nyongeza ambalo limenifundisha mengi: "Je, alikuwa anahitaji dawa au tiba ambayo hakuipata?" Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017. Kwa miezi mingi idadi rasmi ya waliofariki ilikuwa 64. Utafiti wa kaya 3,299 uliotolewa mwaka uliofuata ulikuta vifo 38 katika kaya hizo hadi mwisho wa Desemba, na takriban theluthi moja jamaa walivihusisha na tiba iliyokatika au kuchelewa: umeme wa mashine, dawa zilizokwisha, barabara zilizofungwa. Makadirio yake kwa kisiwa chote yalikuwa vifo vya ziada 4,645, yaani juu ya vile vya kawaida, lakini masafa yalianzia 793 hadi 8,498, maana vifo 38 ni msingi mwembamba. Uchambuzi mwingine, uliotumia kumbukumbu za usajili wa vifo hadi Februari 2018, ulifikia 2,975, na serikali ikaikubali idadi hiyo kuwa rasmi.

Nalisimulia tukio hilo kwa kila timu mpya kwa sababu mbili. Kwanza, kifo cha maafa mara nyingi hutokea wiki kadhaa baadaye, kitandani, kimya. Pili, magazeti mengi yalibeba namba 4,645 peke yake bila masafa yake, na watu wakaanza kubishana juu ya namba badala ya juu ya umeme. Ukitoa makadirio, toa masafa katika sentensi hiyo hiyo, usiyaache kwenye jedwali la nyuma.

Kuhusu ridhaa: tatizo kubwa halipo kwenye saini. Mtu mwenye shida akiona mtu na kitambulisho kifuani anaona msaada. Kwa hiyo wadadisi wangu hawavai fulana za shirika lolote linalogawa vitu, hawafuatani na gari la mgao, na wanasema mara tatu, mwanzoni, katikati na mwishoni: "Majibu yako hayataongeza wala kupunguza msaada unaopata. Unaweza kukataa, na hakuna atakayejua." Mara ya tatu ndipo wengine huuliza, "Kwa hiyo jina langu haliendi kwenye orodha?" Haliendi. Majina ya kwanza tuliyoandika kwenye orodha ya kaya yanafutwa siku hiyo hiyo usiku, inabaki namba.

Lakini kutokugawa hakumaanishi kuona na kupita. Mdadisi anabeba utepe wa kupima mzingo wa mkono, na mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye mzingo chini ya milimita 115 anapata karatasi ya rufaa papo hapo, na msimamizi anahakikisha amefika kituoni. Kabla hatujaanza nakwenda mwenyewe kwenye kituo hicho kuuliza kama maziwa ya tiba yapo na nani yuko zamu. Karatasi ya rufaa inayompeleka mama kwenye mlango uliofungwa ni ukatili.

Na wadadisi wenyewe? Wengi ni wenyeji, nao wamefiwa. Msichana mmoja hodari katika timu yangu alifika nyumba ya tano ya siku, akaanza kusoma swali la kwanza, sauti ikakatika. Usiku ule wa tukio yeye mwenyewe alilala na watu sita, wakabaki wawili. Sikumuuliza wakati wa kumwajiri. Sasa nauliza, faraghani, na wanaotaka kazi ya kuingiza data badala ya kuhoji wanaipata kwa malipo yale yale. Wanatembea wawili wawili, kaya zisizozidi 8 kwa siku, na jioni tunakaa dakika 20 kusikilizana. Simlazimishi mtu kusimulia. Vikao vya kumshurutisha manusura aeleze yote mara moja vimechunguzwa, havikuonekana kusaidia, na wengine huwaumiza.

Ukitafuta chanzo, au ukijaribu tiba

Utafiti wa chanzo cha mlipuko una ugumu wake: mara nyingine jibu lina mwenyewe, na mwenyewe ana nguvu. Haiti ilipigwa na tetemeko Januari 2010, na Oktoba mwaka huo kipindupindu kikazuka katika nchi ambayo haikuwa na kumbukumbu za ugonjwa huo kwa angalau miaka 100. Wengi walielekeza kidole kwenye mazingira yaliyovurugwa na tetemeko. Wachunguzi waliopanga wagonjwa kwa tarehe na mahali waliona ulianza kando ya kijito kinachoingia mto Artibonite, chini ya kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, na vinasaba vya vijidudu vililandana na vya Nepal, walikotoka askari hao. Umoja wa Mataifa uliomba radhi hadharani Desemba 2016, miaka sita baadaye. Somo la kazi hapo ni la kawaida kabisa: mgonjwa, tarehe, mahali, kwenye ramani, kabla ya nadharia. Weka nakala ya data yako mahali pawili, na kila ukurasa uwe na tarehe na aliyeujaza.

Majaribio ya tiba au chanjo siyaandikii kwa kirefu, maana yanahitaji timu ya aina nyingine. Nitasema tu kwamba yanawezekana kwa heshima. Nchini Guinea mwaka 2015, chanjo ya Ebola ilijaribiwa kwa kuwazungushia chanjo watu waliokutana na mgonjwa na watu waliokutana na hao. Makundi mengine yalichanjwa mara moja, mengine baada ya siku 21. Hakuna kundi lililoachwa bila chanjo, na kwa waliochanjwa mara moja hakuonekana mgonjwa mpya kuanzia siku ya 10. Ukiona ulinganisho hauepukiki, tafuta kwanza kama kuchelewesha kunaweza kuchukua nafasi ya kunyima.

Miaka inayofuata

Kwa ufuatiliaji wa muda mrefu, kazi kubwa ni kutowapoteza watu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, rejesta ya afya ya New York iliandikisha zaidi ya watu 71,000 katika miaka ya 2003 na 2004, na bado inawafuatilia. Wewe huenda una watu 600. Chukua namba za simu za watu watatu wasioishi pamoja ambao watajua mhojiwa alipo, kwa idhini yake, na mpigie kila baada ya miezi mitatu hata kama huna swali.

Jihadhari na upimaji usio na mwisho. Fukushima watoto zaidi ya 300,000 walipigwa picha za tezi kwa ultrasaundi, na saratani zaidi ya 100 zikapatikana katika awamu ya kwanza. Wataalamu wengi wanaona kwamba nyingi kati ya hizo zisingemdhuru mtoto kamwe kama zisingetafutwa, na mwaka 2018 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likashauri watu wasipimwe kwa jumla namna hiyo baada ya ajali za nyuklia. Kabla ya kupima, jua utamwambia nini mzazi.

Kurudisha majibu

Ukurasa mmoja kwa wanaoamua, ndani ya saa 72 tangu dodoso la mwisho. Makala ya kitaalamu itafuata kwa wakati wake. Kisha unarudi kwa waliohojiwa, kwa miguu ile ile, katika mkutano wao, kwa lugha yao.

Naanza na wote waliokuwepo, ndipo naja kwa waliofariki: watu wangapi walilala katika kaya tulizozitembelea usiku ule, wangapi wapo, wangapi wamehama, wangapi hawajulikani walipo, wangapi wamefariki na kwa nini. Halafu nakaa kimya. Katika mkutano wa mwisho niliosimamia, mwanamke mmoja alisimama nyuma, akasubiri wenzake wanyamaze, akasema, "Nyumba ya mwisho kabla ya daraja hamkuiandika. Hakuna aliyebaki wa kuwajibu. Walikuwa saba." Nilimwomba aje mbele. Alitaja umri wao mmoja mmoja, kuanzia bibi, nami nikafungua lile jedwali la pembeni nikaandika.